Santuri ya Matumbawe

Eldoret,
6 Februari 2024

Kaka Kalama,

Shikamoo. Natumai wewe na wifi Eddah mu wazima, na hilo joto la Junda halijawamaliza. Sisi huku tunashukuru. Asubuhi baridi inauma, mchana vumbi. Mpwa wako Gladys yuko shuleni kwake anafundisha kama kawaida. Mumewe amehamishiwa Kapsabet, huja mwisho wa juma. Mjukuu wako Munga ameingia gredi ya pili na tayari anajua kuapa kwamba amenawa mikono ilhali hajanawa.

Utasema, kwa nini huyu asipige simu? Mafua yamenikaa kooni tangu kabla ya Krismasi. Nikiongea nasikika kama mlango wa bati. Na hizo jumbe za kwenye simu siziwezi, herufi ni kama chawa.

Ninachotaka ni hiki. Ile santuri ya bendi yetu ya Matumbawe, *Maji Kujaa*, yenye jalada la buluu, bado unayo? Nataka kuisikia, na nataka kuisikia kabla ya Pasaka. Kijana yeyote wa komputa pale Kisauni anaweza kuinakili kwenye flashi, nawe ukanitumia kwa basi. Ikishindikana nitumie yenyewe, nitatafuta mtu wa kunipigia huku. Nitaitunza.

Usiniulize mengi. Niandikie tu.

Mdogo wako,
Pascalia

—

Junda, Kisauni,
23 Februari 2024

Dada Pascalia,

Marahaba. Barua yako ililala ofisi ya basi kwa kuwa aliyeipokea aliandika Karama, nami kila nikienda naambiwa Kalama hana kitu. Tungali hai. Goti la Eddah limemfanya adui wa ngazi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa. Mwarandu na mkewe wamepanga nyumba Mtwapa, kwa hiyo chumba chake nimekitwaa kwa santuri. Eddah anasema nimemfukuza mtoto ili nilaze sahani.

Umeniwasha, dada. Tangu nisome barua yako sikai. Natoa moja, naipiga nusu, naitoa, naweka nyingine. Nimezigusa zote, hata zile za mabaharia. Unazikumbuka? Nilikuwa karani bandarini, wanashuka melini na santuri chini ya shati, tunabadilishana kwa korosho na vinyago. Siku nilipoleta ile ya kwanza ya roki, gitaa likilia kama bati linalokatwa msumeno, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani redio inaungua. Nikamwambia, mama, huu ni muziki. Akasema, basi mwenye kuupiga ni mgonjwa. Kila jalada lilikuwa na harufu yake, moja tumbaku, moja dizeli, moja sabuni ya kigeni. Hata leo ukinifunga macho nitakutajia baadhi kwa kunusa tu.

Na Klabu ya Pweza! Juzi nilipita Shelly Beach, ile hoteli iliyokuwa mbele imebomolewa na hapo palipokuwa klabu pamejengwa ukuta. Chumba kimoja, paa la makuti, mchanga sakafuni unaoletwa na viatu vya watu. Spika mbili, moja ikikoroma. Waliokosa nafasi walisimama dirishani na kulipa nusu. Mujahid akipiga gitaa huku amewapa watu mgongo, asije akaonwa na mtu wa Likoni akaenda kumwambia babake dukani kwamba mwanawe yuko kilabuni na nywele kama kichaka. Morgan nyuma na ngoma zake, jasho hadi viatuni. Na wewe, mwembamba kama mpini wa ufagio, gauni la kuazima limebanwa kwa pini mgongoni. Mimi nilisimama kando ya spika inayokoroma ili nikiona pini inaachia nikupe ishara.

Santuri ipo. Ni kuitafuta tu, unajua wingi wake.

Lakini mbona kabla ya Pasaka? Nimekupigia simu mara kadhaa. Gladys anapokea, anasema umelala. Saa nne za asubuhi, Pascalia? Wewe uliyekuwa ukituamsha sote?

Kakako,
Kalama

—

Eldoret,
1 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika upesi, nami nimeisoma zaidi ya mara moja. Munga aliniuliza kwa nini natikisika mabega, nikamwonyesha pale penye mama na mwiko. Wifi mpe pole ya goti. Maziwa ni mengi huku, natamani ningewatumia.

Umeniandikia harufu za santuri zote za mabaharia. Ya kwetu hukuitaja harufu yake. Hukutaja hata lile kosa la jaladani, jinsi walivyoandika jina langu Pascal na watu wakauliza huyo mwanamume anayeimba ni yupi. Wewe huwezi kuisahau hiyo, ulitaka kwenda kumpiga mchapaji.

Kaka, huna hiyo santuri.

Sina hasira. Ila niambie kweli, nijue kama nina la kungojea. Na kama huna, basi niandikie kitu kingine: nilikuwa nikiimbaje? Usiniambie nilikuwa mzuri. Kila mtu husema hivyo. Wewe ulikuwa unasikia zaidi ya watu.

Pascalia

—

Junda,
17 Machi 2024

Dada Pascalia,

Habari za huko? Huku Eddah amepata nafuu kidogo kwa mafuta ya mnyonyo, na mvua imetishia bila kunyesha.

Sawa. Sina. Mvua za El Niño za mwaka ule wa tisini na saba zilipasua paa, maji yakajaa rafu ya chini, na ya kwenu ilikuwa rafu ya chini. Jalada likawa uji, na sahani nilipoianika ikajikunja kama chapati. Nilikwambia ipo kwa sababu niliamini nitaipata kwingine kabla hujagundua. Siku zote hizi nimekuwa njiani, Eddah anauliza kama nimepata mke wa pili.

Kwanza nilikwenda Changamwe, mtaa wa Airport, kwa Morgan. Huko ndege ikipita mazungumzo yanasimama kinywa wazi, kisha mnaendelea mlipoachia. Amezeeka vibaya, lakini vidole havitulii, alinipigia ngoma kwenye meza muda wote.

"Morgan, ile santuri yenu unayo?"

"Ninayo."

Nikasimama kabla yake. Akanipeleka kibarazani na kunionyesha vyungu vya maua. Marehemu mkewe, Mweri, alikuwa akizitia santuri kwenye maji moto, zikilainika anazikunja ziwe bakuli. Akakigeuza kimoja juu chini, udongo ukamwagika, na katikati nikasoma kabisa: Matumbawe, upande wa kwanza. Ndani mmeota waridi.

"Alinifanyia sikukuu ya kuzaliwa," akasema. "Ningemwambiaje?" Akasimama tu kukitazama. Ndege ikapita, nayo ikatuokoa.

Nikavuka Likoni. Mujahid, kama unavyojua, alifariki miaka mingi sasa. Mwanawe Safwan ana duka la vipuri vya friji, akanipeleka kwa mamake, Bi Zubeida. Nyumba ya kale, safi, harufu ya udi mpaka mlangoni. Nilikaa ukumbini, yeye akazungumza nami akiwa mlango wa ndani. Ninayo, akasema, nzima, na gramafoni yake. Nikamwomba niichukue siku mbili.

"Sikupi. Wallahi santuri hii haitoki nyumba hii."

"Basi kijana aje ainakili hapa hapa."

"Ikishaingia kwenye simu moya, huwa kwenye simu za watu wote. Nimekwisha kusema, babu. Kunywa kahawa yako."

Nikanywa. Nitarudi, sijakata tamaa.

Umeniuliza ulikuwa ukiimbaje. Ulikuwa unachelewa. Bendi inafika, wewe hujafika, watu wanaanza kukutazama kwa wasiwasi, kisha unaingia kama mtu aliyekuwa chumba cha pili anamalizia kazi yake. Mujahid alikuwa akiapa kwamba siku moja hutaingia kabisa. Ndivyo ulivyoimba.

Sasa na mimi nina swali. Jana nilimpigia Gladys na kumwambia, mpe mamako simu, hata kama amelala mwamshe. Nikasikia anapenga kamasi. Una nini, Pascalia?

Kalama

—

Junda,
20 Aprili 2024

Dada,

Pasaka imepita na hukujibu. Gladys ananiambia mu salama, kisha anakata. Nimeuliza nauli ya kuja Eldoret. Eddah anasema nisubiri nialikwe, wewe hupendi kuvamiwa. Nasubiri, lakini vibaya. Hata santuri sipigi. Naamka, nazunguka uani, majirani wanadhani natafuta mwizi.

Andika hata mstari mmoja.

Kalama

—

Eldoret,
18 Mei 2024

Kaka yangu,

Shikamoo, wewe na wifi. Usiutazame mwandiko, mkono haujarudi sawa. Mvua imeshika, mahindi yamefika magotini, na Munga amepoteza jino la mbele.

Hayakuwa mafua. Ulikuwa uvimbe mbaya kooni, pale pale sauti inapotokea. Daktari aliniambia mwezi wa Januari kwamba hakuna njia ila kukata, na atakata pote. Tarehe ilikuwa wiki ya baada ya Pasaka. Imefanyika, na wanasema wameutoa wote. Sasa napumua kwa tundu lililo hapa chini ya shingo, nalifunika kwa leso. Nakula vizuri. Sauti sina, wala ya kunong'ona. Nikipiga chafya hutokea shingoni, na Munga anaona huo ndio ufundi mkubwa kuliko wote duniani.

Nilikuficha kwa sababu ungekuja. Ungekuja ukakaa mbele yangu na kunitazama, nami ningeogopa. Nilikuwa nimeupanga moyo wangu nisiogope.

Na santuri, nilitaka kuimba nayo mara moja. Hata kwa ile sauti ya bati, mlango umefungwa, mimi na yule msichana wa Pweza. Siku zilipokaribia nilijaribu peke yangu, nikiwa nimeinama juu ya beseni la nguo. Maneno ya ule wimbo wa "Nifungulie" hayakutimia. Yalikuwa yamenitoka, na hakuna wa kumuuliza.

Basi. Sasa usitafute tena. Mwache Bi Zubeida na mali yake. Sitaki kumsikia yule msichana, atanichokoza tu.

Ulivyosema nilikuwa nachelewa, ni kweli. Niliisoma barua hiyo asubuhi ya kupelekwa hospitali. Ahsante.

Pascalia

—

Junda,
4 Juni 2024

Pascalia,

Salamu sitaandika, utanisamehe. Eddah amelia. Mimi nilikwenda nje nikabomoa banda la kuku ambalo halikuwa na kosa lolote, na sasa kuku wanalala jikoni. Nimekukasirikia sana. Miezi minne naandika habari za mwiko na mabaharia, nawe unakwenda kukatwa! Haya, nimekwisha kusema, na hasira imekwisha, au karibu.

Umeniambia nisitafute. Sikukusikiliza. Siku ya pili nilivuka tena, sikununua hata peremende ya kupeleka, nikabisha kwa Bi Zubeida. Safwan akafungua, akaniona nilivyo, akanipa kiti kabla ya salamu.

Bi Zubeida akaja mlango wa ndani. "Umerudia ile ile?"

Nikamwambia sikurudia. Nimekuja kumweleza kwa nini niliomba, ili asinione mzee wa tamaa. Nikamsomea barua yako. Samahani, nilimsomea yote, hata ya beseni.

Niliikunja nikaanza kuinuka. Kisha akasema, "Wajua kwa nini sikukupa?"

"Sijui, bibi."

"Mume wangu hakuacha sauti. Picha ziko. Nguo ziko. Sauti hana, zama zile nani alikuwa akirikodi watu nyumbani? Ila kwenye ule wimbo, kabla muziki haujaanza, yuwahesabu. *Moya, mbili, tatu.* Basi. Hayo ndiyo niliyobakiwa nayo. Nikikupa uivunje, ntakwenda kumsikia wapi?"

Dada, mimi niliisikia hiyo santuri mara ngapi? Na sikuwahi kuyatia maanani hayo maneno matatu. Nilikuwa nikingoja gitaa.

Akasema, "Nduguyo yule, aweza kusafiri?"

"Sijui."

"Muulize. Santuri haitoki, lakini mlango uko wazi. Mlete."

Basi nakuuliza. Najua ulivyosema kuhusu yule msichana. Sitakubembeleza. Nakwambia tu kwamba nimeweka pazia jipya chumba cha santuri, kitanda kipo, na Eddah ameshaanza kuhesabu samaki. Shule zikifungwa Agosti, njoo na Gladys na huyo Munga asiyenawa.

Kakako,
Kalama

—

Eldoret,
26 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Nilikataa. Niliandika barua ya kukataa, nzuri, yenye heshima, na Gladys akaenda nayo mjini. Jioni alirudi nayo mkobani, akasema ofisi ya basi ilikuwa imefungwa. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu nikamwandikia kwenye kibao: ofisi gani hii isiyofunguka? Akasema, "Mama, mimi sijawahi kukusikia ukiimba. Hata kanisani. Nilidhani hujui."

Mwambie Bi Zubeida nitakuja. Mwambie nina leso shingoni na napumua kwa kelele, asishtuke.

Pascalia

—

Eldoret,
29 Agosti 2024

Kaka Kalama na wifi Eddah,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tulifika salama. Gladys amerudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha, na Munga ameliambia darasa zima kwamba babu yake ana nyumba ya santuri na kuku wanaolala jikoni. Kidonda changu kiko safi, daktari ameridhika. Samaki wa wifi bado tunawazungumzia.

Siku ile Likoni, tulipotoka ndani, uliniuliza pale barazani, "Mlikuwa mkicheka nini?" Wewe na Safwan mlisimama kama watu waliofungiwa nje ya harusi. Nilitaka kukujibu lakini kibao kilikuwa kidogo. Sasa nina karatasi ya kutosha.

Bi Zubeida alitutia chumba cha ndani, mimi na Gladys. Alinivua leso mwenyewe, akalitazama lile tundu, akaniuliza, "Lauma?" Nikatikisa kichwa. Akanivika tena vizuri kuliko nilivyokuwa nimejivika. Akaitoa santuri kwenye kitambaa cha hariri. Jalada la buluu, na Pascal wangu.

Mujahid akahesabu. Kaka, alihesabu kama mtu aliye mlangoni. Bi Zubeida akafumba macho, akafumbua, na hapo akanitazama mimi, kana kwamba amemaliza zamu yake na sasa ni yangu.

Niliogopa ningechokozwa. Yule msichana aliingia, amechelewa kama ulivyosema, nami sikumwonea wivu wala sikulia. Nilikaa nikifikiri tu, ah, pini inambana huyu. Gladys ndiye aliyelia. Aliinua mkono wangu akauweka shavuni na hakuuachilia.

Kisha ikafika katikati ya wimbo na sindano ikaruka. Kumbe mjukuu wao aliikwaruza zamani. Inaruka ubeti mzima, ule ule ulionitoka mimi kwenye beseni. Nikainama. Nikajisemea, basi, hata hapa haupo.

Bi Zubeida akainua sindano. "Hapo huruka kila siku," akasema. "Mimi huujaza." Na akaimba, kaka. Kilabuni hakuwahi kukanyaga. Hata hiyo siku tuliyokwenda Nairobi kurikodi, yeye alikuwa mwari, hajaolewa bado. Lakini aliisikiliza miaka yote kabla haijakwaruzwa, na ubeti anao mzima:

*Nifungulie, si mgeni,*
*viatu nimevivua,*
*taa usiwashe ndani,*
*sauti yangu wajua.*

Ana sauti nyembamba, ya kuimbia watoto. Aliimba amenyooka, mikono mapajani, kama anayesomea mwalimu. Nikaandika kwenye kibao: Tena. Tukairudisha santuri mwanzo. Mujahid akahesabu, msichana akaimba, ikafika pale, sindano ikainuliwa, Bi Zubeida akaanza. Alianza mapema. Nikapunga mkono, hapana. Tukarudia. Mapema tena. Nikaandika kwa herufi kubwa: NGOJA. Akasema, "Nangoja nini, na muziki hakuna?" Hapo ndipo tulipocheka. Mimi nacheka shingoni, yeye ameziba mdomo kwa mtandio, Gladys anasema jamani, jamani.

Mara ya mwisho nilimshika kifundo cha mkono. Nilipoinua sindano nikambana asiingie. Alinitazama kwa wasiwasi, ule ule wa watu wa Pweza. Nikambana bado. Kisha nikamwachilia, naye akaingia, barabara, mahali pangu.

Dada yako,
Pascalia